Mzee akiulizia karabai: namna ya kumtibu na kumliwaza nyumbani mwenye dimenshia

Kila ikikaribia saa kumi na mbili jioni, baba alikuwa akiinuka mkekani, anakunja suruali hadi magotini na kuuliza karabai yake, taa ya kuvulia usiku, iko wapi. Alikuwa na miaka 76. Mtumbwi ulishauzwa zamani, karabai hatujui iliishia wapi, na wavuvi wa siku hizi pale Kibirizi, Kigoma, wanatumia taa za betri. Tulimfungia mlango. Akaugonga, akatutukana, akalia, na sisi tukasema uzee umemharibu. Ulipita karibu mwaka mzima ndipo shangazi, dada yake, alipokuja kutusalimia, akamtazama, akasema: "Huyu si mkorofi. Amechelewa kazini."

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, hasa siku za giza zisizo na mwezi. Kwa zaidi ya miaka 30 mwili wa baba ulijua kwamba jua likianza kuzama nyuma ya milima ya Kongo, wenzake wanamsubiri ufukweni. Akili ilipoanza kufutika, saa hiyo haikufutika.

Niliyoandika hapa ni mambo tuliyoyafanya Ujiji kwa miaka sita, mengine kwa kufundishwa na muuguzi, mengine baada ya kukosea kwanza. Nimeyapanga kwa hatua, ila usidhani yatakuja kwa foleni. Kuna wiki yatakuja yote pamoja. Ukitaka kushika moja tu, shika hili: usitenge kazi ya kumtibu na kazi ya kukaa naye. Mgonjwa wa dimenshia, yaani ugonjwa wa kusahau, hawezi kukueleza kinachomuuma. Aliyepiga naye soga asubuhi ndiye atakayegundua mchana kwamba kila akikohoa anashika ubavu.

Hatua ya 1: Apimwe kabla hamjasema "ni uzee"

Kusahau miwani iko wapi, au kumwita mjukuu huyu kwa jina la yule, ni kawaida ya wazee wengi. Sisi tulishtuka siku baba alipotoka msikiti anaosali miaka yote akashindwa kurudi nyumbani, mita mia mbili tu. Dimenshia ni jina la kundi la maradhi yanayoharibu ubongo taratibu. Linaloongoza ni la Alzheimer, lenye jina la daktari Mjerumani aliyelieleza mwaka 1906. Jingine linaloonekana sana ni la mishipa ya damu ya ubongo, ambalo ni ndugu wa presha na kiharusi. Wapo wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta kama watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanayo.

Cha kwanza, angalia kasi. Kama juzi alikuwa mzima na leo anaona watu ukutani, au analala tu na ukimwamsha anaropoka, usikae kusubiri. Mabadiliko ya ghafla namna hiyo mara nyingi ni malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, sukari iliyoshuka, kukosa maji mwilini, dawa mpya aliyoanzishwa, au kiharusi. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa hata kidogo. Mpeleke siku hiyohiyo, hata kama mnajua tayari ana dimenshia, kwa sababu aliye nayo ndiye anayechanganyikiwa upesi zaidi akipata ugonjwa mwingine.

Kama ni mambo ya polepole, ya miezi na miaka, bado apimwe. Anza zahanati au kituo cha afya, upewe rufaa kwenda hospitali ya mkoa (kwetu ni Maweni) ikibidi. Omba wamwangalie presha, sukari, wingi wa damu, malaria, mkojo, VVU na kaswende, na kama kipimo kipo, tezi ya shingo na vitamini B12. Waambie kama aliwahi kuanguka na kujigonga kichwa miezi ya karibuni, hata kama hakutoka damu. Waambie kama alifiwa. Huzuni nzito kwa mzee hufanana sana na kusahau. Macho na masikio yasisahaulike: baba "alikuwa hatuelewi" kwa miezi, kumbe sikio la kushoto lilikuwa limeziba nta. Na dawa zote anazotumia, pamoja na za miti shamba, zitie kwenye mfuko mmoja uende nazo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60 na inataka wasio na uwezo watibiwe bure. Ili isije ikawa maneno dirishani, pitia kwanza serikali ya mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii upate barua au kitambulisho chake. Fanya hivyo siku ambayo haumwi.

Tiba ya kuiondoa dimenshia haipo. Kuna dawa kama donepezili ambayo huwapa baadhi ya wagonjwa nafuu kidogo kwa muda, muulize daktari. Lakini presha, maumivu, masikio, huzuni na choo kigumu vyote vinatibika, na kila kimoja ukikiondoa, mzee anarudi hatua moja upande wenu.

Hatua ya 2: Waambie majirani mapema

Watu wengi huona aibu, huficha. Mkoani kwetu kuficha ni hatari. Bibi kizee mwenye macho mekundu, ambaye macho hayo ameyapata kwa miaka 50 ya moshi wa kuni, akikutwa saa nane usiku amesimama uani kwa mtu anaongea peke yake, hakuna atakayesema "ubongo wake unaumwa". Watasema jingine, na kamchape, wale wanaodai kufichua wachawi, wakiitwa kijijini mambo huharibika. Kwa hiyo nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, kwa imamu au mchungaji, kwa mjumbe, kwa vijana wa bodaboda kijiweni, kwa muuza duka wa pembeni. Sema waziwazi: mama ana ugonjwa wa kusahau, amepimwa hospitali, mkimwona mbali na nyumba msimkemee, msimwulize maswali, msalimieni na mtupigie. Sisi tuliacha namba ya simu maduka manne. Ilitumika mara tatu.

Hatua ya 3: Daftari moja, siyo kichwa cha mtu mmoja

Nunua daftari la shule. Litundikwe kwa kamba mlangoni kwa mzee, na kalamu yake. Kila aliye zamu anaandika mistari michache: alilala saa ngapi, alikula nini na kiasi gani, alikunywa vikombe vingapi, choo kikubwa na kidogo, dawa, na (hapa ndipo wengi huacha) aliongea nini, alicheka nini, alikasirika kwa nini. Ukurasa mmoja wa kwetu ulikuwa hivi:

Jumanne. Kaamka 11 alfajiri. Uji kikombe kizima. Dawa ya presha kameza nimeona. Kasimulia habari za dhoruba ya Katonga, mara tatu. Mchana kala kidogo, katema. Choo hakupata, siku ya tatu leo. Jioni mkali sana.

Muuguzi aliposoma "siku ya tatu leo" na "jioni mkali sana" kwenye ukurasa mmoja, hakuhitaji kipimo. Tulikuwa tunapambana na hasira ya mzee kumbe ni tumbo. Papai, maji zaidi, kutembezwa, na dawa ya kulainisha choo aliyoiandika, akatulia. Nendeni kliniki na daftari. Dakika tano za daktari mwenye foleni zitatosha kwa kazi ya nusu saa.

Hatua ya 4: Gawaneni zamu, na muangalie nani anafaa kwa lipi

Iteni kikao. Kwa kawaida mzigo unamwangukia binti mmoja ambaye hajaolewa au aliyeachika, na wengine walioko Dar wanatuma pesa na ushauri. Pesa inahitajika, ushauri kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kubadilisha shuka saa tisa usiku unaweza kusubiri. Tulikubaliana hivi: anayetuma pesa anatuma tarehe moja kila mwezi bila kukumbushwa, na mara moja kwa mwaka anakuja kushika zamu wiki mbili ili aliyekuwepo apumzike kabisa.

Kwenye kugawana, msivunje heshima ya mzee. Mkwe hawezi kumwogesha baba mkwe. Hata akili ikiwa imekwenda, aibu hubaki, na atampiga. Mtoto wa kiume na mama yake, vivyo hivyo. Mwogeshaji awe wa jinsia yake, au mke au mume kama yupo na ana nguvu, au jirani mtu mzima aliyezoeana naye.

Kwa kukaa naye, hakuna anayemshinda mjukuu. Utani wa babu na mjukuu ni dawa ambayo hamtainunua popote. Binti yangu wa miaka kumi na miwili aliitwa "mke wangu" na babu yake tangu azaliwe. Baba alipokuwa amenisahau mimi, ananiita muuguzi, "mke wake" alikuwa bado akimwambia "leo hujaniletea zawadi" na mzee anacheka mpaka anakohoa. Mimi nikimwambia anywe maji anakataa kwa sababu naamrisha. Yeye anamwambia "usipokunywa nakuacha, naolewa na mwingine," na kikombe kinakwisha. Ila mtoto asigeuzwe mlinzi. Saa moja au mbili baada ya shule zinatosha, na mtu mzima awe karibu.

Mkiajiri dada wa kazi, msimchague kwa usafi wa nyumba. Mwache na mzee nusu saa na umsikilize anavyomsemesha. Apewe siku ya mapumziko kila wiki na msimwachie zamu za usiku zote.

Hatua ya 5: Dawa zishikwe na mtu mmoja kwa zamu moja

Zifungieni. Mzee anayesahau humeza mara mbili kwa sababu hakumbuki ya kwanza. Apewe mkononi, anywe maji, afungue mdomo uone. Wa sukari apewe kidonge ukiwa umemwona akila kwa macho yako. Akisema "nimeshakula" usimwamini, maana vidonge kama glibenklamidi juu ya tumbo tupu vinaweza kumwangusha. Wa presha asiinuliwe ghafla kitandani: akae kwanza, ahesabu pumzi chache, ndipo asimame.

Dawa za usingizi ziogopeni. Mwaka wa pili tulichoka, nikaenda duka la dawa, nikaambiwa mpe Piriton atalala. Alilala kweli. Akaamka saa saba usiku amechanganyikiwa kuliko nilivyowahi kumwona, akaanguka mlangoni, na kesho yake mkojo ukagoma kutoka mpaka akawekewa mpira. Dawa za mafua na mizio za namna hiyo, na prometazini, huupiga ubongo wa mzee na kuziba kibofu. Diazepamu humfanya aanguke. Haloperidoli na wenzake huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa mwenye dimenshia. Zipo kwa ajili ya hali ngumu sana, kwa dozi ndogo na muda mfupi, na anayeziandika ni daktari aliyemwona. Usinunue kwa kusimuliwa.

Kabla ya kufikiria dawa ya ukali, pita hapa kwanza: ana maumivu? ana njaa au kiu? amelowa? choo? joto? kelele za redio? Kwa baba, mara tisa kwa kumi jibu lilikuwa humo.

Hatua ya 6: Tafuta saa yake ya zamani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nyumba yetu ilipopona.

Wagonjwa wengi wa dimenshia huchafuka jioni. Mwanga unapungua, vivuli vinaongezeka, mwili umechoka. Washa taa mapema kabla giza halijaingia, asilale usingizi mrefu mchana, chai na kahawa ziishie saa sita. Hayo utaambiwa na kila mtu. Lakini juu yake uliza: huyu mtu saa hizi alikuwa anafanya nini alipokuwa na miaka 40?

Baada ya shangazi kutufungua macho, tulianza hivi. Saa kumi alasiri anapewa uji. Saa kumi na moja mjukuu wa kiume anamletea kipande cha nyavu kuukuu na uzi. Vidole vya baba vilikuwa havijasahau fundo hata moja. Jina la rais wa nchi alishindwa, fundo anafunga gizani. Anashona kama dakika arobaini. Kisha wanatembea wawili taratibu hadi mahali ziwa linapoonekana, wanasimama. Kijana anasema, "Mzee, naona upepo mbaya leo." Baba anatazama maji, anatazama mawingu, anatikisa kichwa: "Hakuna kwenda." Wanarudi. Siku nyingine upepo hakuna, basi mwezi umekomaa, au injini ni mbovu. Uamuzi aliutoa yeye, nahodha. Akirudi anaoga miguu, anaswali, anakula, analala.

Dada yangu alisema tunamdanganya mzazi. Nilimwelewa, na mimi mwanzoni ilinikaa vibaya. Lakini nilishamwambia ukweli mara nyingi ("baba, mtumbwi uliuzwa, una miaka 76") na kila mara alipokea habari hiyo kama ameibiwa siku ileile. Nikaacha.

Kwako itakuwa saa nyingine. Mama aliyeuza mawese soko la Mwanga ataamka alfajiri atafute ndoo; mpe chupa tupu azifute na azipange. Aliyekuwa reli atasikiliza treni. Msindikize uani, mtajieni steshini moja yeye ataje inayofuata, hadi Tabora. Mwalimu mpe chaki na ubao mdogo. Mkulima mpe maharage apembue, na akimaliza, yachanganye tena jikoni asione. Kazi iwe ya kweli kwa mikono yake hata kama haina faida kwako.

Kule Hai wazee wenye dimenshia walikusanywa vikundi vidogo kwa vikao 14, viwili kila wiki, kila kikao na mada yake, wakiongea, wakiimba na kucheza, na walipata nafuu. Nyumbani unaweza kuiga: wazee wawili watatu wa mtaani chini ya mwembe, Jumatatu na Alhamisi, bao, kahawa na kashata, mada moja, tuseme samaki aina ya mgebuka. Swali lisiwe la kukumbuka bali la maoni. Usiulize "mgebuka uliuzwa shilingi ngapi mwaka 1975?" Uliza "mgebuka mtamu ni wa kuchoma au wa mawese?" Hapo hakuna anayeshindwa.

Hatua ya 7: Kuongea naye

Usimtahini. "Unanijua mimi nani?" ni swali ambalo kila mgeni huja nalo, na kila mgeni akiondoka mzee anabaki na aibu asiyoijua chanzo chake. Wageni waambie mlangoni. Aingiaye ajitaje: "Shikamoo baba, ni mimi mwanao wa Gungu, nimekuletea ndizi." Sentensi moja, swali moja, subiri. Subiri zaidi ya unavyoweza. Uwe mbele yake, chini ya macho yake, usimseme kutoka nyuma.

Akiuliza mke wake yuko wapi na mama alishafariki, usimfishe mama upya kila siku. Mwambie, "Umemkumbuka mama. Alikuwa anapikaje ule mchuzi wake?" Mara nyingi anachotaka ni kumzungumza.

Kiswahili kinaweza kuondoka kabla ya lugha ya kwanza. Mwaka wa nne baba alihamia Kiha, na wajukuu waliozaliwa mjini wakawa hawamwelewi. Tulimwomba mzee mmoja wa Kasulu aliyehamia mtaani kwetu awe anapita asubuhi. Salamu yake tu ya "Mwakeye" ilimfanya baba akae wima. Kwenu huenda ni Kimanyema, Kibembe au Kitongwe. Mtafuteni mtu mapema, na watoto wajifunze maneno ishirini: njaa, maji, choo, inauma, kaa, twende.

Dini husalia muda mrefu. Baba alisahau chumba chake akawa bado anasoma Fatiha bila kukwama. Aliswali adhuhuri hata mara nne, tulimwacha. Ramadhani ndiyo ilikuwa kazi, maana alikataa kula na dawa zinahitaji chakula. Sisi tulishindwa kumshawishi. Aliyeweza ni sheikh aliyekuwa akimheshimu toka ujana: alikuja akamwambia kwa sauti kubwa kwamba mgonjwa ana ruhusa na fidya imeshatolewa. Ilibidi aje kila siku mbili tatu kurudia, maana ilisahaulika.

Hatua ya 8: Kula, kuoga, choo

Ale ameketi wima kabisa, miguu chini, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Tonge dogo. Ugali wa muhogo unavutika na unakaba. Akianza kupata taabu, upike laini na uloweke kwenye mchuzi, au nenda kwenye uji mzito, ndizi zilizopondwa, viazi. Samaki atolewe miiba yote kwa vidole vyako, usitegemee macho yako. Dagaa wakavu wasagwe. Sauti ikiwa ya majimaji baada ya kumeza, au akikohoa kila anywapo, vitu vinaingia njia ya hewa. Mwambie mhudumu wa afya, huo ndio mlango wa nimonia. Mdomo ukaguliwe baada ya kula, chakula hujificha shavuni. Maji apewe kidogo kidogo, kila unapopita.

Kuoga: maji ya uvuguvugu tayari kabla hujamwita, saa ileile aliyozoea. Usimvue zote, mfunike khanga au shuka, osha chini yake sehemu kwa sehemu, ukimwambia kinachofuata. Maji yaanze miguuni, yasimwagwe kichwani. Akikataa, achana naye, rudi baada ya nusu saa. Hakuna aliyekufa kwa kuoga kesho.

Choo cha nje usiku ni mahali pa kuvunjika nyonga. Ndoo yenye mfuniko au kiti kilichotobolewa kiwe chumbani, na taa ndogo ya sola iwake usiku kucha. Mchana mpeleke kila baada ya saa mbili bila kusubiri aombe. Suruali ya kamba au mpira, si ya vifungo na zipu.

Hatua ya 9: Nyumba, na siku atakayopotea

Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya maji au soda, hata siku moja. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwake kwa ajili ya joto, moshi usioonekana unaua. Kisima kifunikwe. Mikeka inayoteleza iondolewe. Panga na jembe viwekwe mbali.

Atapotea hata ukilinda. Shona namba ya simu ndani ya kofia yake na pindo la shati. Bibi, kwenye khanga. Uwe na picha ya mwezi huu kwenye simu, si ya harusi ya mwaka ule. Akitoweka, dakika za mwanzo ndizo za maana: mmoja abaki nyumbani, mmoja akimbie majini kwanza (ziwa, mto, kisima), mwingine aende kule alikokuwa akifanya kazi zamani. Kijiwe cha bodaboda kiambiwe mara moja, msikiti utangaze, polisi wajulishwe bila kungoja kesho. Baba tulimpata mara zote tatu njia ya kwenda ziwani, na mara ya tatu alikuwa amebebwa na bodaboda aliyetujua.

Hatua ya 10: Karatasi, akiwa bado anaelewa

Hili lifanyike miezi ya mwanzo, nanyi wote mkiwepo. Kitambulisho cha taifa (NIDA), hati au barua ya kiwanja, pensheni na uhakiki wake, wosia, anataka azikwe wapi. Namba ya siri ya pesa kwenye simu ishikwe na mtu mmoja anayetoa hesabu kwa wengine. Matapeli wa simu huwapenda wazee hawa. Dole gumba la mzee ambaye hajui anasaini nini huzaa kesi ya miaka kumi.

Hatua ya 11: Wewe mtunzaji

Utamkasirikia. Utamwonea haya, utatamani yaishe, kisha utajichukia kwa kutamani. Ukiona mkono wako umeinuka, toka nje, mpe zamu jirani dakika kumi. Lala mchana anapolala. Pima presha yako mwenyewe. Mimi yangu niligundua nikiwa nimempeleka yeye.

Hatua ya mwisho ni kitandani

Itakuja siku hatatembea. Mgeuze kila baada ya saa mbili, ubavu huu, mgongo, ubavu ule, na kagua kisigino, nyonga na mkiani kila asubuhi; wekundu usiofifia ukibonyeza ni kidonda kinachoanza. Mto mdogo katikati ya magoti. Kula kutapungua, na kumlazimisha kwa kijiko kunamsababishia kukabwa, si nguvu. Mloweshe midomo kwa kitambaa safi chenye maji. Muulize muuguzi kuhusu dawa ya maumivu, usisubiri apige kelele, kwa sababu hatapiga. Utaona kwenye paji la uso.

Na kukaa naye kusikome kwa sababu haongei. Miezi miwili ya mwisho tulimwekea baba kile kipande cha nyavu kifuani. Alikuwa hafungui macho, lakini vidole vilitembea kwenye matundu, kimoja baada ya kingine, na palipochanika vilisimama.